Nesi aliuliza alianza kunywa lini, ukoo mzima tukatazama sakafu

Mjomba wa Ilula #1

Kamwene wakuu. Huu uzi nimeuandika mara tatu nikaufuta. Leo nauacha, atakayecheka acheke.

Nina mpwa wangu, mtoto wa dada, ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Mwezi wa tano alijaribu kujiua. Kwa namna gani sisemi, na naomba msiniulize. Mods mnisaidie kwa hilo. Yupo hai, anakula, juzi kaanza hata kugombania rimoti na wadogo zake. Nalisema hilo mapema ili msisome mkiwa mmeshika roho mkononi.

Kilichonileta hapa ni swali. Tulikuwa koridoni saa nane usiku, na baridi ya kwetu mnaijua. Mimi, dada, shemeji, jirani mwenye gari, na bibi yake kajifunika vitenge vitatu. Nesi akatoka na faili. Akauliza ya kawaida: ana ugonjwa gani, anatumia dawa gani, anaishi na nani. Halafu, bila hata kuinua uso: "Pombe alianza akiwa na miaka mingapi?"

Hakuuliza kama anakunywa. Shemeji akaruka, huyu mtoto hanywi. Dada akasema labda mwaka jana, makundi. Bibi kimya. Mimi kimya, kwa sababu mimi jibu nilikuwa nalo.

Kwa bibi kuna kikombe cha bati cha bluu, mkono wake umebanduka rangi hadi chuma kinaonekana. Ni kikombe cha wajukuu. Msimu wa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, mvua zikikolea, mbeta za kukingia zinashushwa alfajiri, wakubwa wanakunywa wa jana uliokwisha kukomaa, watoto wanamiminiwa ule mtamu wa asubuhi hiyo hiyo. Wote tumekulia kwenye kile kikombe. Ila ulanzi mtamu wa asubuhi ukifika jioni si mtamu tena, na mtoto haangalii saa. Mpwa wangu akiwa na miaka sita alikutwa amelala chini ya mianzi, mdomo wazi, nzi wanamzengea. Tulicheka hadi machozi. Mimi ndiye niliyempiga picha nikaituma kwenye grupu la ukoo.

Akiwa na 11 akahamia kwenye vichupa vile vya pombe kali vinavyoingia mfuko wa shati. Hilo kaniambia mwenyewe baadaye. Akiwa na 13, bangi, kwa vijana wanaopakia mbao. Na 15 ndiyo hiyo ya koridoni.

Naulizeni: uhusiano upo kweli kati ya kuanza mapema na haya mambo ya kutaka kufa, au nesi alikuwa anajaza fomu? Na kama upo, mbona hatukuambiwa?

Siti ya Mbele #2

Pole sana mkuu. Natandika mkeka hapa.

Kinyonga Mweusi #3

Iringa tena? Ninyi mnajulikana, mkiudhiwa kidogo tu. Hapo pombe mnaisingizia, ni kabila hilo.

Dereva Makambako #4

Kinyonga, nilikuwa nasoma bweni mkoa mwingine, Mhehe pekee darasani. Huo utani kwamba sisi tukiudhiwa tunajiua nilikuwa nacheka nao, tena wakati mwingine naanzisha mwenyewe. Kidato cha tatu baba akafa, mambo yakaniendea kombo. Usiku mmoja nikamwambia mwenzangu wa kitanda cha chini kuwa siioni sababu ya kuendelea kuishi. Unajua alijibu nini? "Si ndiyo zenu." Akajigeuza akalala.

Hakuwa mtu mbaya. Alidhani natania, maana ndivyo tulivyozoeshana. Niliwaza: kumbe hata nikisema, neno langu halina uzito, limeshatumika kwenye vichekesho. Aliyeniokoa ni mlinzi, mzee mmoja, aliniona nimekaa nje akaja kukaa na redio yake. Hakuuliza kitu. Tulisikiliza taarabu hadi kukakucha.

Kinyonga Mweusi #5

Mkuu usilie, ni utani wa makabila. Hata Mkwawa wenu si alijimaliza?

Mwalimu wa Zamu #6

Mkwawa, mtemi wa Wahehe, aliwachapa Wajerumani Lugalo mwaka 1891, akapoteza ngome yake ya Kalenga 1894, akawindwa porini miaka karibu minne, na mwaka 1898 alipoona wanamfikia akakataa kukamatwa. Wakamkata kichwa wakaenda nacho Ujerumani, fuvu likarudi 1954. Hiyo ni habari ya vita. Kumchukua umlinganishe na mtoto wa kidato cha pili aliyekunywa kichupa nyuma ya choo cha shule ni kuwakosea adabu wote wawili. Turudi kwenye uzi.

Nesi Zamu ya Usiku #7

Mjomba, pole na hongera kwa kuandika. Mimi ni nesi, ila si huyo wa koridoni, msinitafute.

Swali alilouliza halikuwa la kujaza fomu. Ukimuuliza mzazi kama mtoto anakunywa, anakujibu kwa aibu. Ukimuuliza alianza lini, anaanza kuhesabu, na katika kuhesabu ukweli unatoka. Umri wa kuanza unatuambia mengi kuliko idadi ya chupa.

Uhusiano upo. Marekani wana utaratibu wa kila miaka miwili, wanafunzi wa sekondari wanajaza dodoso bila majina, na mojawapo ya maswali ni kama ulikunywa pombe kabla hujafika miaka 13, yaani kunywa, si kulamba. Watafiti waliochambua majibu ya mwaka 2005 walikuta walioanza kabla ya 13 ndio waliosema zaidi kwamba wamewahi kufikiria kujiua au kujaribu, kuliko wasiokunywa. Wasichana na wavulana, wote. Kwa bangi, mwaka 2019 watafiti walikusanya tafiti 11 zenye vijana zaidi ya 23,000 waliofuatiliwa kwa miaka. Walioivuta kabla ya miaka 18 walikuwa na uwezekano zaidi wa kupata sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, ukubwani, na wa kujaribu kujiua karibu mara tatu na nusu ya wenzao.

Sasa msikimbie na hizo namba. Hazisemi kila aliyelamba ulanzi atajidhuru, ingekuwa hivyo Iringa pasingekuwa na mtu. Na hazisemi pombe peke yake ndiyo mwuaji. Mtoto wa miaka 11 anayekwenda mwenyewe kununua kichupa, mara nyingi kuna kitu anakikimbia: kipigo nyumbani, msiba, mtu mzima anayemchezea mwili wake, au sonona iliyoanza zamani na hakuna aliyeijua jina. Pombe inamfanya asisikie kwa saa mbili. Asubuhi kile kitu kipo palepale, na juu yake kuna aibu, kuna usingizi mbovu, kuna hela ya mama aliyoichukua. Anakunywa tena. Kwa hiyo vinavutana, hiki kinamsukuma kile.

Halafu kuna breki. Ubongo wa mtoto haukomai wote kwa pamoja. Sehemu ya hisia kali inatangulia. Ile ya mbele, inayosema subiri kwanza, kesho pia ni siku, inaendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Waliowahi kushuka mlima Kitonga nyuma ya lori la mbao wananielewa: injini nzima, mzigo mzima, breki ndizo za kuombea Mungu. Pombe inazilegeza na hizo zilizopo. Mtu mzima mwenye mawazo mabaya akilewa yuko hatarini, mtoto yuko hatarini zaidi, kwa sababu kwake saa moja mbaya inaonekana ndiyo maisha yote.

Mjomba, hebu nikuulize, wiki zile kabla ya tukio hamkuona kitu? Kugawa vitu vyake, kujitenga, kusema maneno kama "mtapumzika na mimi"?

Mjomba wa Ilula #8

Viatu.

Alimpa mdogo wake viatu vyake vya mpira, vile nilivyomletea mimi kutoka soko la Mwanjelwa, hata miezi miwili havina. Dada akamsifu mbele ya wageni, jamani mwanangu kakua, ana moyo wa kutoa.

Ngoja nitarudi.

Mama Lita Moja #9

Mimi nauza ulanzi na komoni, wala sijifichi. Nimesomesha watoto watatu kwa lita, mmoja ni mwalimu. Kwa hiyo nikiona uzi kama huu najua mwisho wake, kilabu cha mama ndicho shetani.

Niwaambie kinachotokea mlangoni kwangu. Mtoto anakuja na dumu, "kanituma baba." Namjua baba yake, namjua hadi babu yake. Nikimkatalia, baba anakuja kunitukana mbele ya wateja kwamba nimemdharau. Nikimpa, nafunga mfuniko vizuri namwambia usionje. Lita inayotoka kwangu siyo inayofika kwao. Baba anaona imepungua, anadhani mimi ndiye mwizi wa vipimo! Siku moja kaja kugomba, nikamwambia kanuse mdomo wa mwanao. Hakurudi.

Mnauliza nani amewafundisha watoto kunywa. Nendeni mkamwulize anayewatuma.

Mkono wa Sheria #10

Mama Lita, hoja yako ni nzito ila sheria haikuachii. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia mtoto pombe na sigara, na mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Haijaandikwa "isipokuwa ametumwa na baba."

Mama Lita Moja #11

Basi sheria yako ije ikae mlangoni kwangu saa kumi na mbili jioni, nitaipa na kigoda.

Siti ya Mbele #12

Mama Lita hoyee

Kabwe Hadi Uyole #13

Huku Mbeya ulanzi si shida sana, huku ni vichupa. Mnakumbuka viroba, ile pombe kali ya vipakiti? Vilipigwa marufuku Machi mosi 2017, tukashangilia. Mwanafunzi alikuwa anaweka viroba vitatu kwenye soksi anaingia navyo darasani. Vilipoondoka, pombe ile ile kali ikarudi kwenye chupa za plastiki. Bei imepanda kidogo, kwa hiyo sasa wanachangishana. Hatua ilikuwa nzuri, siikatai, ila pombe yenyewe haikwenda kokote.

Mdogo wangu mimi alianza hivyo, stendi, kupakia mizigo wakati wa likizo. Likizo moja tu ya darasa la sita. Alirudi anajua kutema mate pembeni kama konda. Tulimwita mwanamume.

Kinachoniuma ni pa kumpeleka. Mbeya kliniki ya methadoni ipo pale Hospitali ya Rufaa ya Kanda, inasaidia sana waathirika wa heroini, nawajua waliorudi kuwa watu. Lakini mtoto wa miaka 14 mwenye pombe na bangi na huzuni anakwenda wapi? Ukisema hospitali ya akili, ukoo mzima unasikia Mirembe, Dodoma, na mlango wa chuma.

Nesi Zamu ya Usiku #14

Kabwe, si lazima iwe Mirembe. Anzia hospitali ya wilaya au ya mkoa, ulizia huduma za afya ya akili, waambie wazi ni mtoto na ametaja kujiua. Usiseme "ana malaria ya kichwa", nimeyasikia hayo. Ulizia na afisa ustawi wa jamii, maana kama nyumbani kuna kipigo au unyanyasaji, dawa peke yake haitoshi. Na kuna simu ya watoto, 116, haina malipo, mtoto mwenyewe anaweza kupiga, na mzazi pia.

Shemeji wa Mafinga #15

Kuna mtu kaniambia ukimpeleka aliyejaribu kujiua hospitali, polisi wanamsubiri mlangoni. Kweli au uzushi?

Mkono wa Sheria #16

Si uzushi mtupu. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inasema kujaribu kujiua ni kosa. Tuliirithi kwa Waingereza, ambao wao wenyewe waliifuta kwao mwaka 1961. Ghana wameondoa la kwao 2023. Kenya, Mahakama Kuu Januari 2025 ilisema kifungu chao kinapingana na Katiba. Sisi bado tunacho.

Ila nisikilizeni vizuri, nisije nikaua mtu kwa bandiko. Kwanza hospitali. Sheria utapambana nayo mgonjwa akiwa hai, na mtoto chini ya miaka 18 ana ulinzi wake. Nimeona familia zilizomficha mtu ndani siku mbili kwa kuogopa hicho kifungu. Sitaki kusimulia iliishaje.

Nesi Zamu ya Usiku #17

Nakazia. Tunachotaka sisi wa zamu ni mgonjwa afike mapema. Basi.

Mwalimu wa Zamu #18

Nina la kukiri, na jina langu humu hamlijui kwa hiyo nitakiri.

Miaka michache nyuma tulimkamata mtoto wa kidato cha kwanza amelewa, kipindi cha kwanza, saa mbili asubuhi. Tulifanya tunachojua. Tulimsimamisha mbele ya gwaride, tukaeleza kosa lake kwa kipaza sauti, viboko, barua ya kusimamishwa wiki mbili, arudi na mzazi. Mimi ndiye niliyeandika ile barua, na mwandiko wangu mzuri. Hakuna hata mmoja wetu, walimu zaidi ya ishirini, aliyejiuliza mtoto wa miaka 13 analewaje saa mbili asubuhi. Saa mbili! Maana yake alikunywa kabla ya chai. Maana yake chupa ilikuwa kwao, au alilala nayo.

Mzazi hakuja. Mtoto naye hakurudi. Nilimwona mwaka juzi Tunduma anasukuma mkokoteni, akanisalimia shikamoo mwalimu vizuri tu, nikakosa pa kuangalia. Huyo ana bahati, yupo.

Wiki mbili za kusimamishwa ni wiki mbili za kukaa peke yake na kile alichokuwa anakikimbia. Siku hizi nikimkuta mtoto wa hivyo, nampeleka kwanza chumba cha walimu, anakunywa maji, analala kwenye benchi, akiamka naongea naye. Wenzangu wananiita mlezi wa walevi.

Mjomba wa Ilula #19

Mwalimu, umenigusa pabaya. Mpwa wangu alipewa barua ya namna hiyo Ijumaa. Tukio ni Jumapili. Siilaumu shule na siitaji. Barua alimpa baba yake, shemeji akamwambia neno ambalo leo analia nalo kila siku. Kwa hiyo ilikuwa barua, na neno, na alichokunywa siku hiyo, na yale ya miaka yote.

Wapo nyumbani waliosema karogwa. Tulifanya maombi, mchungaji akaja, siyapuuzi, yule mchungaji ndiye aliyekaa na shemeji. Ila mchungaji mwenyewe alisema: siku ya kliniki ikifika msiikose kwa ajili ya mkesha.

Dada nesi, pale nyumbani tufanye nini sasa? Tunamlinda kama mfungwa, naye anajua.

Nesi Zamu ya Usiku #20

Msimlinde kama mfungwa, mlinde nyumba. Dawa za shamba na za binadamu, zote, ziingie kwenye sanduku lenye kufuli, ufunguo akae nao mmoja. Pombe itoke ndani kabisa kwa kipindi hiki, hata ya shemeji, hasa ya shemeji. Msidhani ni jambo dogo. Sri Lanka walipiga marufuku dawa za kilimo zilizokuwa kali zaidi, na vifo vya kujiua vikashuka kwa takriban asilimia 70 kati ya 1995 na 2015. Watu hawakuacha kuwa na huzuni. Ile saa mbaya ilipita bila kukuta kitu karibu. Na wengi wa wanaookolewa hawafi kwa kujiua baadaye, hilo mliweke moyoni.

Halafu muulizeni. Kwa maneno yenyewe: "Bado unafikiria kujiua?" Watu wanaogopa kwamba ukitaja utampa wazo. Humpi. Wazo analo tayari au hana. Ukiuliza unampa mlango. Muulize mkiwa mnafanya kitu, mnamenya viazi, mnaosha pikipiki. Usimweke kitini kama kesi.

kimya_kimya #21

samahani nauliza kwa ajili ya rafiki yangu. kama mtu ameshachoka na leo amekunywa na yuko peke yake afanye nini

Siti ya Mbele #22

Nesi! Nesi njoo!

Nesi Zamu ya Usiku #23

kimya_kimya, nipo. Naongea na wewe, rafiki atasikia. Mnafikiria kujiua usiku huu?

kimya_kimya #24

kidogo

ndiyo

Nesi Zamu ya Usiku #25

Asante kwa kuniambia. Hukukosea kuandika. Nani mkubwa yupo ndani ya nyumba sasa hivi?

kimya_kimya #26

anti. amelala. atanipiga akisikia harufu

Dereva Makambako #27

Mdogo wangu, mimi ndiye wa bandiko namba 4. Nipo macho, nipo kwenye gari nasubiri mzigo. Kamgongee anti. Usipange maneno. Sema tu "anti siko sawa, kaa na mimi." Harufu ataizungumzia kesho.

Nesi Zamu ya Usiku #28

Iache chupa hapo ilipo, toka chumbani, mgongee. Akiogopa mwonyeshe hii simu asome. Ukishindwa kumwamsha piga 116, hata huna salio inaita. Tunakusubiri hapa, hatulali.

Mjomba wa Ilula #29

Tupo.

Mama Lita Moja #30

Mwanangu gonga kwa nguvu. Tupo na sisi kina mama.

kimya_kimya #31

ameamka

hajanipiga. analia. ameniambia nikae jikoni anawasha mkaa

Nesi Zamu ya Usiku #32

Vizuri sana. Mpe simu anti niongee naye inbox. Leo mnalala chumba kimoja, asubuhi mnakwenda hospitali pamoja, hata kama utaamka unajisikia nafuu. Hasa ukiamka unajisikia nafuu.

kimya_kimya #33

sawa

anakoroga uji saa saba usiku

Kinyonga Mweusi #34

Mods futeni mabandiko yangu namba 3 na 5. Sina la kuongeza.

Kabwe Hadi Uyole #35

Nimesoma huu uzi hadi simu imeniambia chaji asilimia 3. Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya 720,000 wanakufa kwa kujiua kila mwaka duniani, na kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 ni sababu ya tatu ya vifo. Namba hiyo nilishaisoma mahali nikapita. Leo nimempigia mdogo wangu saa nane usiku, kaniuliza nani kafa. Nikamwambia hakuna, nilitaka kujua umelala. Akacheka, akaniambia wewe umelewa. Halafu hakukata simu.

Mjomba wa Ilula #36

Wiki tatu zimepita, narudi na mrejesho.

Kwanza kimya_kimya: kwa ruhusa yake mwenyewe na anti yake, yuko salama na ameanza kliniki. Hayo mengine ni yake.

Mpwa wangu amehudhuria mara ya nne. Shule wamempokea, safari hii tulikwenda mimi, dada na shemeji, wote watatu, mkuu wa shule akashangaa. Nilimuuliza lile swali tukiwa tunachambua maharage. Alinyamaza muda, akasema, "Wiki hii mara moja. Ilipita." Nikaendelea kuchambua, mikono inatetemeka, naona aliona. Amekunywa mara moja tangu atoke hospitali, alituambia mwenyewe. Shemeji alisimama, tukadhani anakwenda kutafuta fimbo, kumbe kaenda kufunga mlango watoto wengine wasisikie.

Ile picha ya chini ya mianzi nimeifuta. Kwenye simu za ndugu bado ipo, nimewaomba mmoja mmoja. Kuna mjomba mmoja kaniambia nimekuwa Msabato.

Bibi ndiye sikujua nitamwambiaje. Ana miaka zaidi ya 70, ulanzi kwake ni chakula, ni heshima ya mgeni, ni ada za shule zetu sote. Nikakaa naye jikoni nikamweleza taratibu, nikitafuta maneno ya Kihehe ya mambo ambayo hata kwa Kiswahili nayajua nusu. Alisikiliza. Akaniambia, "Pale hospitali nilijua jibu. Niliogopa nikisema mtasema nimemuua." Nikamwambia, bibi, hata mimi nilijua. Tukakaa.

Mianzi hajaikata na hatukumwomba aikate. Anagema kama kawaida, wakubwa wanakunywa. Wajukuu wanapewa chai. Kile kikombe cha bluu nilikikuta jana nje, anapimia pumba za kuku.

Siti ya Mbele #37

Mkuu, kwa kikombe hicho, kuku wa bibi wasije wakaanza kuyumba.

Mjomba wa Ilula #38

Nimemsomea hiyo. Kacheka hadi kashika mlango.